Gauni Lililoota Maua

"Kitendawili!"

"Bibi, usitikise kichwa."

"Nimesema kitendawili!"

"Haya, tega. Lakini tega bila kutikisika, nimeshika sindano."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, taulo begani, shingo ameinyoosha kama kuku aliyesikia mlio wa mwewe. Mjukuu wake amesimama ubavuni, glovu mikononi, chupa ya spiriti juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyusi za Bibi zilikuwa zimeshachongwa kwa wembe mpya, zikapinda vizuri hata yeye mwenyewe, alipojitazama kwenye kioo, alijisalimia. Sasa ilikuwa zamu ya sikio.

"Mkasi mmoja, nguo moja," Bibi akatega. "Hapa umekata, wamekusifu. Pale umekata, wamekulilia."

"Kinyozi?"

"Kinyozi na nguo wapi na wapi?"

"Basi sijui."

"Nipe mji."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, ndiyo kanuni. Lakini Bibi alikuwa ameshachukua miji yote ambayo watu wa nyumba hiyo waliwahi kuisikia, na mingine ambayo haipo, ikabidi waanze kumlipa vyumba. Sebule ilikuwa yake. Baraza yake. Mkwe wake, fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, alishindwa siku moja akatoa bafu, na tangu siku hiyo kila akitaka kuoga hupiga hodi kwanza kwa mama mkwe, taulo mkononi, anaomba ruhusa ya kuingia mjini.

"Chukua ngazi za mlangoni," mjukuu akasema.

"Nimezipokea. Jibu nitakupa siku nyingine, nikiona umelihangaikia. Haya, toboa."

Lakini mjukuu hakutoboa. Huyu binti alifanya kazi saluni ya pale kona, nyuma ya pazia, kazi yake kutoboa masikio na pua. Yeye mwenyewe alikuwa na hereni nne sikio hili, tatu lile, kipini puani na kingine kwenye nyusi, hata baba yake akampa jina la Chekecheke, akisema unga ukipita kwake hautoki na chuya. Jina likashika. Mama yake tu ndiye hakulicheka.

"Kwanza nikuulize swali ninalowauliza wateja wote," Chekecheke akasema. "Bibi, unataka kupendeza au unataka kuumia?"

"Swali gani hilo?"

"Si la mchezo. Majuzi alikuja dada mmoja, macho mekundu, ametoka kugombana kwao. Kaniambia nitoboe panapouma kuliko pote. Nikamkalisha, nikampa chai. Nikamwambia sindano yangu kazi hiyo haiijui. Amelia, amekunywa vikombe viwili, amerudi kwao na matundu yake yale yale aliyopewa na Mungu."

Bibi akacheka mpaka kigoda kikalia. "Mimi nataka kupendeza, mjukuu wangu. Kuumia nimeshaumia bure miaka mingi, goti peke yake linatosha."

Ndewe yake ya kushoto ilikuwa imeraruka mpaka chini, imegawanyika kama ukwato wa mbuzi. Aliyeirarua ni huyu huyu Chekecheke, enzi hizo akiwa mtoto wa kubebwa, alipoikamata hereni ya bibi yake akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyeshiba maziwa. Tangu hapo Bibi alivaa hereni upande mmoja, kama mlango wenye bawaba moja. Leo alitaka tundu jipya, juu kidogo ya ule mraruko, ili naye afungike na kufunguka sawasawa.

Sindano ikapita. Bibi akasema "uwi" moja ndogo ya heshima. Damu ikatoka kidogo, pamba ikaifuta. Saluni pamba kama hizo Chekecheke huzitia kwenye kopo lenye kifuniko, hufungwa na kupelekwa kuchomwa. Nyumbani kopo kama hilo halipo. Akazifunga pamoja na ule wembe kwenye karatasi, akatia ndani ya ndoo ya taka ya bafuni, akasahau.

"Mama yako asijue kwanza," Bibi akasema, akijifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya masikio.

"Unamwogopa mtoto wako mwenyewe?"

"Simwogopi. Nampa muda wa kutokasirika."

Mtoto wake huyo alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Cherehani dirishani, pasi kwenye meza, redio juu ya kabati, na katikati ya chumba, kwenye sanamu isiyo na kichwa, gauni jeupe la bi harusi. Bi harusi mwenyewe alisema wazi, mbele ya Bibi: nataka gauni kavu, lisiwe na hata ua moja.

Siku ile Bibi alikaa pembeni akipiga bandi upindo wa chini, na kila akiinua macho aliona jambo. Gauni lilikuwa na maua. Ua moja la kitambaa kifuani. Jingine kiunoni. Jingine karibu na hilo, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Bi harusi amebadilisha mawazo?" akauliza.

"Nimeona litapendeza," Mshonaji akajibu bila kugeuka.

Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa ambao haujawashwa. Bibi amefungua vifungo viwili vya blauzi yake. Mshonaji yeye amevaa mikono mirefu mpaka kwenye viganja, na juu ya viganja glovu za kitambaa alizozikata ncha za vidole. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa weupe wa waridi, weupe ambao Bibi hakumzaa nao, na chini ya macho palikuwa na wekundu kama wa mtu aliyepulizwa na moshi. Redioni mwanamke mwenye sauti ya upole alikuwa akizungumzia vijana wanaojiumiza wenyewe na jinsi mzazi anavyoweza kuwagundua. Mshonaji alikuwa amelisogeza sikio.

Ndipo sindano ikamchoma kidoleni.

Mshonaji yeyote huchomwa. Bibi alimfundisha kazi hii binti yake, akamfundisha na dawa yake: damu ya mshonaji ikidondoka kwenye nguo hutolewa kwa mate ya mshonaji mwenyewe, upesi kabla haijakauka. Na mchomo wenyewe hujifunga hata kabla hujamaliza kuulaani. Lakini huu haukujifunga. Damu ilitoka kama iliyokuwa ikisubiri mlangoni. Mshonaji akatema mate kwenye ncha ya kitambaa, akasugua gauni, damu nyingine ikadondoka pale pale alipokuwa akisugua. Akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa chakavu. Akavuta mkasi. Akakata petali za kitambaa cheupe.

Bibi akatazama ua jipya likishonwa juu ya doa. Akayatazama na yale mengine. Akahisi moyo wake umeshuka ngazi zote alizozipata asubuhi.

"Sindano imekuuma?"

"Imenigusa tu, Mama. Usianze."

Mshonaji akaenda bafuni, akafunga mlango kwa komeo, akakaa. Alipotoka hakuwa mikono mitupu. Alikuwa na karatasi imefunguliwa, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya: pamba zenye damu, na wembe.

"Mama," akasema. "Tazama alichonifanyia yule mtoto. Anajikata."

Bibi akafungua mdomo aseme.

"Nilijua," Mshonaji akaendelea. "Mtu aliyeanza kujitoboa hawezi kuishia puani. Leo tundu, kesho wembe. Jumapili namwita Nesi aje amkague. Jumatatu saluni basi, anakwenda kwa shangazi yake, akakae na watu wenye akili. Huko hakuna saluni, kuna mbuzi."

"Labda hizo pamba..."

"Labda nini, Mama?"

Binti yake alikuwa amemkazia macho, na macho yale yalikuwa na hofu, hofu ya kweli ya mama. Bibi akaona akitamka sasa hivi, hofu ile yote itageuka hasira na kumwangukia yeye na sikio lake changa.

"Labda tungoje Jumapili," akasema.

Chekecheke aliposikia, alikaa chini kwenye ngazi za mlangoni, ngazi ambazo sasa ni mali ya bibi yake.

"Kwa shangazi? Bibi, mimi na mbuzi? Nimetafuta kazi ile mwaka mzima!"

"Nitasema, mjukuu wangu."

"Sema leo!"

"Nitasema mbele ya watu. Nikisema tukiwa wawili, atanimaliza."

"Bibi, wewe ndiye uliyemzaa."

"Ndiyo maana namjua."

Jioni yake akajaribu kwa mkwe. Fundi Rangi alikuwa uani akiosha brashi zake, mikono imejaa madoa ya rangi ya bluu. Mambo ya mwili kuyasema mbele ya mkwe ni aibu, kwa hiyo Bibi akaanza kwa mbali, akasifu brashi, akasifu ndoo, akauliza habari za nyumba anayoipaka.

"Ukuta unasumbua, Mama," mkwe akasema. "Mwenyewe kila rangi anaitaka nyeupe zaidi. Nimepiga msasa, nimepaka. Hakupenda. Nimepiga msasa tena. Leo nimepiga msasa nikaona tofali."

"Ukamwambia?"

Fundi Rangi akakamua brashi kwa muda mrefu. "Wengine hawaambiki, Mama. Asubuhi unakuta foronya ina ngozi kama maganda ya kitunguu, unaikung'uta, unanyamaza. Ukisema, unaambiwa ukalale sebuleni. Na sebule ni yako, utanitoza kodi."

Akanyanyuka upesi, kama mtu aliyemwaga kitu kwa bahati mbaya, akaingia ndani. Alisahau hata kuomba ruhusa ya bafu. Bibi akabaki uani peke yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa akilifikiria sikio lake.

Jumapili Nesi alifika amejaa mlango. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye sauti ya kuwaita wagonjwa kutoka barabara ya pili. Alipewa kiti cha mgeni na bakuli la karanga. Gauni la bi harusi lilisimama pale pale kati yao, halina kichwa lakini limekuja kikaoni, na maua yake yalikuwa yameongezeka mpaka begani.

"Nimewaita," Mshonaji akaanza, "kwa sababu mwanangu anaangamia na nyinyi mnacheka vitendawili." Akaifunua karatasi mezani. Fundi Rangi akatazama pembeni. "Redio imeeleza. Mtu anayejiumiza ana dalili zake, na mimi nimezishika zote. Kwanza, atavaa mikono mirefu hata kwenye joto la kuua."

Akajifuta jasho la kidevuni kwa mkono wa blauzi yake, uliomfika kwenye kiganja.

Chekecheke alikuwa amevaa kiblauzi kisicho na mikono kabisa.

"Atajifungia bafuni, unabisha hodi hafungui. Ukimuuliza hilo jeraha limetoka wapi, atakujibu nimejigusa tu. Ana vitu vyake anavificha mahali ambapo wenzake hawatii mkono. Na ukimwambia aache, atakasirika, kwa sababu kuacha kwenyewe kunamtisha kuliko kuendelea."

Nesi aliacha kutafuna. Macho yake yalikwenda kwenye glovu za Mshonaji, yakapanda mkono, yakafika shavuni, yakashuka tena. Fundi Rangi akakohoa kikohozi kisicho na homa.

"Mbona mnanitazama mimi?" Mshonaji akauliza. "Mtazameni mtoto!"

Basi Nesi akamtazama mtoto. Akamgeuza mikono, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, wakaenda chumbani pamoja na Mshonaji, Nesi akakagua na mapaja. Wakarudi.

"Huyu hana hata alama ya mbu," Nesi akatangaza. "Matundu ninayoyaona yako masikioni, puani na kwenye nyusi. Yote makavu. Masafi kuliko ya mama zangu wa kliniki."

"Basi hii damu ni ya nani?"

Chekecheke akamtazama bibi yake. Bibi akaitazama sakafu, sakafu haikumsaidia. Mwisho akainua mikono miwili, akafungua fundo la kitambaa, akakivua.

Hereni ndogo ya rangi ya dhahabu iling'aa juu ya ndewe iliyoraruka. Nyusi nazo, sasa bila kivuli cha kitambaa, zilionekana zimepinda kama za mtu anayekwenda kwenye dansi.

"Mama!" Mshonaji akapiga ukelele. "Katika umri wako!"

"Umri wangu una masikio."

Nesi aliangua kicheko hadi karanga zikamwagika. Fundi Rangi aligeukia ukuta, mabega yanatikisika, maana kumcheka mama mkwe usoni haifai. Hata Chekecheke, mwenye kesi, alijikuta amefunika mdomo. Mtu mmoja tu hakucheka. Aliona wiki nzima amemlilia mtoto ambaye hana kitu, ameita mgeni, ameaibika mbele yake, na aibu ikitafuta pa kutokea hutokea kwa mdomo.

"Chekeni!" akasema. "Mnacheka nini? Sindano si imeingia? Damu si imetoka? Mtu mzima amekaa akatobolewa mwili wake mzima mzuri! Nionyesheni mpaka uko wapi. Kati ya huyo anayejitoboa na huyo anayejikata, mpaka uko wapi?"

"Mimi nawauliza kabla sijatoboa, Mama," Chekecheke akasema polepole. "Kama mtu amekuja kupendeza au kuumia."

"Na wanakwambia ukweli?"

"Siku nyingine hapana. Hapo nachemsha chai, nangoja. Aliyekuja kupendeza akimaliza huomba kioo. Huyo mwingine hataki hata kukiona."

Kwenye chumba hicho kulikuwa na kioo kirefu cha wateja. Bibi ndipo alipokumbuka kwamba siku hizi kilikuwa kimegeuzwa ukutani, na Mshonaji alisema ni kwa ajili ya vumbi.

"Nyani haoni..." Bibi akaanza, akakumbuka kwamba mkwe wake yupo, akaimeza iliyobaki. Akanyanyuka. Goti likalia. Akaenda mpaka kwenye gauni, akaweka kidole juu ya ua la kifuani. "Mwanangu. Hili gauni lilikuwa kavu."

"Nimelipamba."

"Nilikufundisha kushona. Hujawahi kumwekea mteja ua asilolitaka." Kidole kikahamia ua la kiunoni, kikahamia jirani yake. "Chini ya hili kuna nini? Na hili?"

Mshonaji akashika mkasi kama anataka kufanya kazi. Akauweka. Akataka kutoka, lakini njiani alikuwa amekaa Nesi, na Nesi si mtu wa kurukwa.

"Nipe mkono, dada," Nesi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Nipe tu. Sina sindano."

Glovu ikavuliwa. Mkono ulikuwa na rangi tatu: mweupe wa waridi juu, mweusi kwenye vifundo vya vidole ambavyo havikukubali kubadilika, na mistari ya zambarau ya mishipa iliyoonekana kama imechorwa juu ya karatasi ya kufungia maandazi. Michomo ya sindano, ya juzi na ya wiki iliyopita, yote ilikuwa bado imefungua macho.

"Nilianza na uso," Mshonaji akasema. Hakuwa akisema na mtu. "Krimu kidogo tu, ning'are. Wateja wanapiga picha na mshonaji wao, picha zinatoka, mimi kwenye picha nimekuwa kama mlango ulio wazi usiku. Basi uso ukang'aa. Ukawa haufanani na shingo. Nikapaka shingo. Shingo ikagombana na mikono."

"Ndiyo ukuta ulivyo," Fundi Rangi akasema, kisha akajuta, kisha akaamua kuendelea. "Ukipaka kiraka, nyumba nzima inadai. Mimi nilikuwa naziona foronya, mama watoto. Niliogopa kusema. Hapo nimekosa."

"Sasa nikiacha siku mbili, ngozi inawaka, inatoa mabaka. Nitakaa vipi mbele ya watu na mabaka?" Akamgeukia binti yake. "Hilo swali lako. Ungeniuliza mimi, ningekujibu nimekuja kupendeza. Siku ya kwanza ingekuwa kweli."

Chekecheke akanyanyuka. Aliondoka. Wakasikia kiberiti jikoni, wakasikia sufuria. Baada ya muda akarudi na chai, akamwekea mama yake mkononi, katika ule mkono wenye rangi tatu, akachuchumaa miguuni pake.

"Kunywa," akasema. "Vikombe ni viwili. Ndiyo kanuni ya saluni."

Mshonaji akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimejaa machozi na kamasi, lakini kilikuwa kicheko.

"Kesho zahanati," Nesi akasema, amerudia sauti yake ya barabara ya pili. "Tutakupeleka kwa daktari wa ngozi. Njoo na kopo lenyewe alione umekuwa ukijipaka nini. Usiache kwa hasira, usiendelee kwa siri. Ngozi hii imekuwa nyembamba, na ikichanika leo, hata uzi wa hospitali hautashika. Sikutishi. Nakutisha kidogo."

Akaziokota karanga zake, akaaga.

Bi harusi alikuja kulijaribu gauni, akayaona maua, akanuna. "Nilisema kavu." Mama yake akasema mbona yanapendeza. Bi harusi akasema yeye ndiye anayeolewa. Mshonaji angeweza kudanganya, ulimi ulishakaa tayari. Badala yake alisema, "Nimeliharibu, dada. Chini yake kuna madoa. Nitakukatia kipande kipya cha mbele, na hutalipa kitu." Mama wa bi harusi akamtazama mikono, akamtazama uso, akafyonza. Ikabidi fyonzo hilo limezwe hivyo hivyo, bila maji.

Kidole cha Mshonaji kilikuwa kimefungwa bendeji ya zahanati, hakikutakiwa kushika sindano. Kwa hiyo gauni lilimaliziwa na Bibi na Chekecheke, Mshonaji amekaa katikati yao akitoa amri. Usoni alikuwa amepaka dawa ya daktari, mabaka yameanza kutoka kama ramani ya nchi isiyojulikana. Mikono ya blauzi aliikunja, maana joto ni joto. Kila mteja akipita dirishani aliinama kama anatafuta uzi. Baadaye akachoka kuinama.

Mgongoni gauni lilikuwa na safu ndefu ya vifungo. Chekecheke, mkono wake mwepesi wa kutoboa, ndiye aliyepewa matundu. Alikata kwa ncha ya mkasi, roho mkononi, kisha akazungusha uzi kwenye ukingo, pigo juu ya pigo, mpaka mdomo wa tundu ukawa mgumu na laini.

"Ukiuacha ukingo hivi hivi bila uzi, inakuwaje?" akauliza.

"Unafumuka," Bibi akasema. "Unaendelea kuraruka mpaka chini."

Chekecheke akasimamisha sindano. Macho yakamtoka. "Bibi! Mkasi mmoja, nguo moja! Ni..."

Bibi akamkanyaga mguu.

"Kitendawili!" Bibi akasema kwa sauti, akimtazama binti yake.

Mshonaji hakuwa amecheza vitendawili tangu aanze kujifunga nywele mwenyewe. Kila mara huwa na kazi. Leo kazi ilikuwa mikononi mwa wengine.

"Tega," akasema.

"Mkasi mmoja, nguo moja. Hapa umekata, wamekusifu. Pale umekata, wamekulilia."

Mshonaji akalitazama gauni. Akaitazama safu ya matundu mapajani kwa binti yake, matundu ambayo yeye amekata ya kwake maelfu. Akaitazama ndewe ya mama yake, hereni juu, mraruko chini. Jibu, tundu na mraruko, lilikuwa limemkaa usoni hata mtoto angelisoma.

"Sijui," akasema. "Nimeshindwa."

"Hujui?"

"Sijui, Mama."

"Nipe mji."

Akanyanyuka, akaenda chumbani. Wakasikia kabati, wakasikia sanduku la chuma likisukumwa. Akarudi na kopo la krimu, kubwa, kifuniko cha waridi, limechotwa hadi nusu. Akaliweka mapajani mwa Bibi.

"Chukua huo. Nimekaa humo muda mrefu, hauna watu wema."

Chekecheke aliinamia tundu la kifungo, machozi yasije yakadondokea gauni, ikabidi lipambwe tena. Bibi alilishika kopo kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Ni bibi aliyeitawala nyumba ile yote, chumba kwa chumba, na hakuna kona ya mji wake asiyoijua.

"Mji nimeupokea," akasema. "Na lile la pili?"

"Lipi?"

"Lile lililo nyuma ya pasi, ndani ya soksi."

Mshonaji akaitazama meza ya pasi. Akamtazama mama yake. Mabaka yake yote yakaiva kwa haya, kisha pembe ya mdomo ikaanza kumponyoka.

"Hilo, Mama," akasema, "mpaka utege kingine."